Uzi maalumu: Picha hii imepigwa wapi? Tubadilishane mbinu za kutambua mahali

Dira

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni wa wale ambao wakiona picha ya safari mtandaoni, kabla hata ya kusoma maelezo, wanaanza kujiuliza: hapa ni wapi? Nataka tukusanye mbinu zote mahali pamoja, kila mtu aweke anachokijua, na mgeni akifika apate pa kuanzia.

Niseme msimamo wangu mapema. Wengi tukipewa picha tunakimbilia kile kitu kikubwa: mnara, daraja, sanamu. Mimi nasema kitu kikubwa kitazamwe mwisho. Anza kwa kuondoa. Jiulize kwanza picha hii haiwezi kuwa wapi, kata mabara, kata nchi, ndipo urudi kwenye mnara. Vitu maarufu hufanana, na vingine hunakiliwa makusudi, lakini nguzo ya umeme, dishi la televisheni au rangi ya mstari wa barabarani hakuna anayehangaika kuiga.

Kuna picha moja huwachanganya watu kila inapoletwa. Daraja jekundu la kuning'inia juu ya maji mapana, na ng'ambo ya pili sanamu ya Yesu aliyenyoosha mikono. Aliyekazia macho daraja anasema San Francisco. Aliyekazia sanamu anasema Rio de Janeiro. Lakini San Francisco haina sanamu hiyo, wala Rio haina daraja hilo, na hapo tayari miji yote miwili imekufa. Ni Lisbon, Ureno. Daraja linaitwa 25 de Abril, lilifunguliwa mwaka 1966, na sanamu ni Cristo Rei ya Almada, ng'ambo ya mto Tagus, iliyozinduliwa mwaka 1959.

Hata ukipewa daraja peke yake bila sanamu, bado unaweza kulijua. Tazama minara. Minara ya Lisbon imefungwa kwa vyuma vilivyopishana kama herufi X hadi juu. Minara ya Golden Gate, lile daraja la San Francisco, kwa sehemu iliyo juu ya barabara, ina mihimili iliyolala tu, na upana wake unapungua kwa hatua kadiri inavyopanda. Kisha tazama chini ya barabara: Lisbon ina reli ya treni iliyoongezwa mwaka 1999, Golden Gate haina treni. Nayo sanamu ya Rio imesimama kileleni mwa mlima Corcovado, wakati ile ya Almada imepandishwa juu ya nguzo nne ndefu, takriban mita 82, karibu mara tatu ya kimo cha sanamu yenyewe.

Kuhusu nakala nitapita haraka: Sanamu ya Uhuru ipo New York, lakini ipo pia Paris na Odaiba, Tokyo, tena ile ya Tokyo ina daraja la kuning'inia nyuma yake. Mnara wa Eiffel una nakala Las Vegas na Tianducheng, Hangzhou. Kijiji cha Hallstatt cha Austria kina nakala yake mkoani Guangdong, China. Kwa hiyo mnara peke yake usikutoshe.

Kokoto

Mkuu Dira, uzi umekuja wakati wake. Naomba uanze na jua na kivuli. Kila mtu anasema "angalia kivuli", ila hakuna anayeeleza unakiangaliaje.

Dira

Sawa mkuu, tuanzie hapo.

Saa sita mchana, mtu aliye kaskazini ya Tropiki ya Kansa, yaani zaidi ya nyuzi 23.4 kutoka ikweta, daima hulikuta jua upande wa kusini, na kivuli chake kinaelekea kaskazini. Aliye kusini ya Tropiki ya Kaprikoni ni kinyume chake. Katikati ya tropiki hizo mbili jua hubadilisha upande kulingana na mwezi, kwa hiyo huko kivuli bila tarehe hakikupi jibu.

Urefu wa kivuli nao unazungumza. Tuseme picha ni ya tarehe 21 Machi, jua likiwa juu kabisa, na nguzo ya mita 3 imetupa kivuli cha mita 3. Siku hiyo jua liko juu ya ikweta, kwa hiyo uko karibu na latitudo 45. Hapo una Torino, una Bordeaux, una Minneapolis, na ukivuka ikweta una Queenstown ya New Zealand. Kivuli kikielekea kusini, imebaki Queenstown katika hao wanne.

Angalieni jambo moja: "saa sita" ya saa ya mkononi si lazima iwe saa sita ya jua. China yote inatumia saa moja, ya Beijing. Kashgar, magharibi kabisa ya nchi, jua linafika juu kabisa karibu saa tisa alasiri. Anayepiga hesabu za kivuli bila kulijua hilo atapotea kwa maelfu ya kilomita.

Sasa, utajuaje kaskazini ni wapi ndani ya picha wakati huna dira? Kwa video ni rahisi. Ukilitazama jua la mchana kaskazini ya dunia, linakwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Kusini ya dunia linatoka kulia kwenda kushoto. Kwa picha iliyotulia, mimi hukimbilia madishi.

Kivuko

Hapo kwenye madishi fafanua kidogo, kaka. Nilijua dishi linaelekea tu pale fundi alipopata mawimbi.

Dira

Fundi anapata mawimbi pale setilaiti ilipo, na setilaiti za televisheni zimepangwa juu ya ikweta, umbali wa kama kilomita 35,786 kutoka ardhini. Zinazunguka sambamba na dunia, ndiyo maana kwetu zinaonekana zimesimama palepale angani. Kwa hiyo dishi la Ulaya linatazama kusini, la Australia linatazama kaskazini. Linaweza kuinamia mashariki kidogo au magharibi kidogo kutegemea setilaiti, lakini upande wa ikweta haulikwepi.

Mwinamo unakupa umbali. Karibu na ikweta dishi linaweza kutazama juu kama bakuli linalosubiri mvua. Kadiri unavyosogea kuelekea ncha za dunia linainama, mpaka Tromsø, kaskazini mwa Norwei, linatazama karibu upeo wa macho. Ila madishi mengi madogo ya majumbani kipokezi chake hakiko katikati, kimewekwa chini kwenye mkono. Dishi la namna hiyo huonekana limesimama wima kuliko linavyolenga kweli, kwa nyuzi 20 na zaidi. Ukiliona, usiseme "hapa ni kaskazini sana" kwa sababu tu uso wake umesimama. Tazama mkono wa kipokezi kwanza.

Paa moja lenye madishi kumi yanayotazama upande mmoja ni dira kamili. Hakuna kitu ninachofurahia kukikuta kwenye picha ya mji kuliko hicho.

Mwanaramani

Wadau, mimi niongezee upande wa maandishi, ndio ninaoupenda. Huhitaji kuijua lugha. Inatosha kuzijua herufi chache zinazoitenga lugha hiyo na ndugu zake.

Kwa herufi za Kikirili, zile za Kirusi na jamaa zake, watu wakiziona wanaandika "Urusi" na kuondoka. Subiri. Ukiona ї au є, hicho ni Kiukraini. Ћ na ђ ni Kiserbia, ѓ na ќ ni Kimasedonia. Ө na ү zinakupeleka Mongolia, Kazakhstan au Kyrgyzstan. Ў ni ya Kibelarusi, lakini Kiuzbeki kikiandikwa kwa Kikirili nacho kinaitumia, kwa hiyo tafuta ushahidi wa pili. Ы ni nzuri kwa kuondoa: Kiukraini, Kibulgaria na Kiserbia hawana.

Kwa herufi za Kilatini: ł inaelekea Poland, ř ni Kicheki, ő na ű ni Kihangaria, þ ni Kiaisilandi. Ğ na ı isiyo na nukta ni Kituruki, ila ukiona na ə basi ni Kiazabajani. Ã na õ kwa pamoja ni Kireno au Kivietinamu, na Kireno kina nchi nyingi, kwa hiyo unatazama barabara: Msumbiji wanaendesha kushoto, Brazil, Ureno na Angola wanaendesha kulia.

Lakini lugha si nchi. Kibao cha Kichina kinaweza kuwa mtaa wa Wachina kokote duniani, na hoteli za kitalii huandika lugha ya wageni. Soma vibao vya serikali kabla ya vibao vya biashara: jina la mtaa, onyo la umeme, kituo cha basi. Hivyo huandikwa kwa lugha ya mahali.

Dira

Mkuu Mwanaramani, hilo la vibao vya serikali nakuunga mkono kabisa, nami nalibeba hadi barabarani.

Upande wa kuendesha ndio kisu cha kwanza. Kushoto: Uingereza, Ireland, Malta, Cyprus, Japani, Thailand, Indonesia, India, Pakistan, Australia, New Zealand, na sehemu kubwa ya kusini na mashariki mwa Afrika. Amerika Kusini bara kuna nchi mbili tu za kushoto, Guyana na Suriname. Ukiwa na picha ya Amerika Kusini na magari yako kushoto, umemaliza nusu ya kazi kwa sekunde moja.

Tarehe nayo inahusika ikiwa picha ni ya zamani. Uswidi ilihama kutoka kushoto kwenda kulia tarehe 3 Septemba 1967, Samoa ikafanya kinyume mwaka 2009. Picha ya Stockholm ya mwaka 1960 itakupoteza kama unaisoma kwa sheria za leo.

Na usichanganye upande wa barabara na upande wa usukani. Myanmar wanaendesha kulia tangu 1970, lakini magari mengi huko yana usukani kulia kwa sababu yalitoka Japani. Vladivostok, mashariki ya mbali ya Urusi, hali ni hiyohiyo. Mtu akiona usukani tu anaruka kusema Japani. Angalia gari liko upande gani wa mstari, wala usiishie kwa dereva kakaa wapi.

Mstari wenyewe: wa katikati ukiwa wa njano, Marekani na Kanada zinapanda juu kwenye orodha. Ulaya sehemu kubwa ni mweupe, ila Norwei wana wa njano. Alama za tahadhari: mraba wa njano uliosimama kwa kona ni wa mabara ya Amerika, Australia, New Zealand, Japani, na Ulaya ni Ireland. Pembetatu yenye ukingo mwekundu ni ya Ulaya kwa ujumla, na tumbo lake likiwa la njano badala ya jeupe, fikiria Uswidi, Ufini, Poland, Ugiriki au Iceland. Kibao cha kusimama: PARE ni Amerika Kusini, ALTO ni Meksiko na Amerika ya Kati, ARRÊT ni Quebec, jimbo la Kanada. Hispania na Ufaransa wenyewe wanaandika STOP. Japani ni pembetatu nyekundu iliyogeuzwa kichwa chini.

Namba za gari hata zisiposomeka, rangi inatosha. Nyeupe mbele na njano nyuma, Uingereza imo. Njano pande zote mbili na ukanda wa bluu kushoto, ni Uholanzi au Luxembourg.

Kivuko

Hapa naongeza tahadhari moja. Picha iliyogeuzwa kama kwenye kioo inaharibu kila kitu hiki: upande wa barabara, upande wa usukani, hata mwelekeo wa jua. Simu nyingi zikipiga kwa kamera ya mbele zinaweza kuigeuza. Kabla ya kuanza, tafuta maandishi yoyote, hata ya kwenye fulana, au uso wa saa ya ukutani. Yakisomeka kinyumenyume, igeuze picha kwanza.

Kokoto

Na picha zisizo na barabara wala kibao? Nina picha za porini, ni miti na udongo tu.

Dira

Miti inasaidia ikiwa ni ile isiyohama. Kaktasi ya saguaro, ile ndefu yenye mikono, kwa asili inaota Jangwa la Sonora tu, yaani Arizona, jimbo la Sonora huko Meksiko, na kipande kidogo cha California. Texas haimo, hata kama matangazo mengi yanaiweka huko. Mti wa damu ya joka wenye umbo la mwavuli uliofunguka unakupeleka kisiwa cha Socotra, Yemen. Mibuyu mirefu iliyonyooka, yenye matawi machache kileleni tu, ni Madagaska.

Mti wa kuogopa ni mkalitusi. Asili yake ni Australia, lakini umepandwa Ureno, Ethiopia, California, Brazil, India na kwingine kwingi. Ukiuona, usitoe hoja yoyote juu yake. Jakaranda vilevile: Pretoria inajulikana kwa miti hiyo, lakini asili yake ni Amerika Kusini. Udongo mwekundu nao ni kutu ya chuma kwenye ardhi iliyooza kwa muda mrefu, na upo kila bara lenye joto. Unaonyesha hali ya ardhi, haukutajii nchi.

Ukiwa na mlima nyuma, hapo una hazina, maana mstari wa vilele haufanani mahali pawili. Nitauelezea chini.

Nyota Saba

Samahani wakuu, mimi nina swali gumu. Hizi akili bandia si zimeshamaliza mchezo huu? Unaipa picha, inakutajia mji. Kuna haja gani ya kujifunza herufi za Kiserbia?

Dira

Dada/kaka Nyota Saba, swali lako ni la haki. Mwaka 2023 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walitengeneza mfumo unaoitwa PIGEON, nao ulimshinda Rainbolt, mmoja wa wachezaji wanaojulikana zaidi wa GeoGuessr, mchezo wa kukisia mahali ulioanzishwa 2013. Kwa kukisia, mashine iko juu, na mimi naitumia kupata pa kuanzia.

Ila kukisia ni kitu kimoja na kuthibitisha ni kingine. Mashine ikisema "kaskazini mwa Kameruni" kisha serikali ikasema "hapana, ni Mali", utasimama wapi?

Hilo lilitokea kweli. Julai 2018 ilisambaa video ya wanajeshi wakiwapeleka wanawake wawili na watoto wawili, kisha kuwapiga risasi. Serikali ya Kameruni ilisema ni habari ya uongo. Kitengo cha BBC Africa Eye kikakaa na video hiyo pamoja na wachunguzi wa kujitegemea. Nyuma ya watu hao kulikuwa na safu ya vilima. Walichora mstari wa vilele vyake, wakautafuta kwenye picha za ardhi za Google Earth, wakaupata karibu na Zelevet, kaskazini ya mbali ya Kameruni. Kisha wakashuka kwenye vitu vidogo: majengo, miti, njia. Picha za setilaiti za miaka tofauti zilionyesha jengo lipi lilikuwapo lini, na njia ya miguu iliyoonekana ilijitokeza msimu wa kiangazi tu. Mwisho walipima vivuli vya watu wanaotembea, na hesabu ya jua ikawapa kipindi cha kati ya tarehe 20 Machi na 5 Aprili 2015. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi iliwahukumu wanajeshi wanne kifungo cha miaka 10.

Kila hatua hapo mtu mwingine anaweza kuirudia na kuikagua. Ndiyo maana nawasihi, ukileta jibu kwenye uzi huu, leta na sababu. "Nahisi ni Peru" haitusaidii. "Kibao kinasema PARE, mstari ni wa njano, madishi yanatazama kaskazini" tunaweza kukifanyia kazi.

Mwanaramani

Kwa hilo la vilele, utaratibu wangu ni huu: nakata mstari wa upeo peke yake, naweka alama kwenye mabonde na vilele vinavyojitokeza, halafu nasimama kwenye Google Earth kwa kimo cha mtu, siyo kutoka juu. Watu wengi wanatafuta wakiwa juu kama ndege na hawapati. Mlima uleule ukiutazama kutoka kilomita tano kando unakuwa mwingine.

Nyota Saba

Asante, nimeelewa. Ila sasa naogopa. Ikiwa ni rahisi hivi, picha zetu wenyewe je?

Dira

Una haki ya kuogopa. Japani, mwaka 2019, mtu alikamatwa kwa kumvamia mwimbaji kijana karibu na kwake. Polisi walisema alikuza picha za uso wake, akaona kituo cha treni kikiakisiwa kwenye mboni za macho, akakitafuta kwenye picha za mitaa za Google.

Kwa hiyo sharti la uzi huu: hatutafuti nyumba ya mtu, wala hatutafuti mtu alipo sasa. Ukileta picha ya rafiki yako wa zamani ukitaka tukuambie anaishi wapi, hatutajibu. Leteni mandhari, mitaa, picha za zamani zilizopoteza maelezo.

Na linda za kwako. Faili la picha linaweza kubeba mahali halisi ulipokuwa. Desemba 2012 John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi vya kompyuta, akiwa mafichoni, alijulikana yuko Guatemala kwa sababu picha iliyochapishwa na jarida moja ilikuwa bado na vipimo vya GPS ndani yake. WhatsApp ukituma picha kama picha, inaondoa taarifa hizo, ukiituma kama faili zinabaki. Zima GPS kwenye kamera, na picha za safari ziweke ukishaondoka hapo.

Kokoto

La mwisho kwa leo mkuu: picha za ndani ya chumba. Hakuna jua, hakuna barabara.

Dira

Tazama ukutani, kwenye soketi. Matundu matatu ya mstatili ni ya Uingereza na nchi zilizofuata mfumo wake, pamoja na Malaysia na Singapore. Matundu mawili yaliyoinama kama herufi V ni Australia, New Zealand, China au Ajentina. Matundu matatu ya duara katika mstari mmoja ni Italia. Soketi inayoonekana kama uso unaotabasamu ni Denmark. Baada ya soketi, tazama swichi, kitasa, namna dirisha linavyofunguka.

Vyumba vina umuhimu mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Wasafirishaji haramu wa binadamu hupiga picha za wahanga wao hotelini, na tangu 2016 kuna programu ya TraffickCam ambapo msafiri yeyote anaweza kupakia picha za chumba chake, zikawa za kulinganishia. Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, nao tangu 2017 wanaweka hadharani vipande vya picha za kesi za unyanyasaji wa watoto, vipande visivyo na mtu, mfuko tu, pazia, chupa, wakiuliza kama kuna anayekitambua kitu hicho na kinapotoka. Ukurasa wao unaitwa Trace an Object. Anayetaka mazoezi yenye faida aanzie huko, na akitambua kitu awaandikie wao moja kwa moja, asikilete hapa.